Silika ya kukaushia maua: ni mali kwa waridi, ni hasara kwa mengine

Chembechembe hizi ni ndugu wa zile zilizomo kwenye vijipakiti vya sanduku la viatu vipya, vile vyenye onyo kwamba haziliwi. Silika hii (ya kikemia, si silika ya mtu) imejaa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo hunasa mvuke wa maji. Ukilifukia ua ndani yake, maji huvutwa kutoka pande zote kwa pamoja, huku chembe zikishikilia petali zisijikunje. Waridi lililokaushwa hivi hutoka limechanua vilevile. Lililoning'inizwa hutoka limejikunyata kama ngumi.

Madukani kuna aina tatu, na hasara nyingi huanzia hapo. Ya kwanza ni ile laini, nyeupe, yenye chembe kama sukari, inayouzwa mahsusi kwa maua. Hiyo ndiyo ya kununua. Ya pili ni shanga kubwa za buluu zinazopatikana kwenye maduka ya vifaa vya maabara. Hunyonya maji vizuri sana, lakini kila shanga huacha kishimo kwenye petali, na ua hutoka kama limeugua ndui. Tena rangi ile ya buluu, inayogeuka pinki ikishiba maji, hutokana na chumvi ya kobalti, ambayo ni sumu. Usizisage kwa kinu wala blenda ya jikoni kwa tamaa ya kupata chembe laini. Shanga za rangi ya chungwa hazina kobalti, ila ukubwa wake ni uleule. Ya tatu ni silika ya vyoo vya paka: bei nafuu, vipande vyenye ncha. Labda kwa ua gumu kama alizeti ndogo. Kwa waridi usithubutu.

Pakiti ndogo, za nusu kilo na ushei, huvunja moyo. Kilo moja ya silika hujaza takribani lita moja na nusu ya chombo, basi. Waridi moja lenye kichwa cha sentimeta 6 linataka chombo cha kipenyo cha sentimeta 10 na kina cha 8, yaani zaidi ya nusu lita peke yake. Mwenye mawaridi manne ya kukausha kwa mkupuo mmoja anunue kilo 2. Ni gharama ya mara moja, kwa kuwa silika hairushwi jalalani. Hupashwa moto na kurudi kazini kwa miaka.

Kazi yenyewe huanzia bustanini. Kata ua umande ukishakauka, kwenye saa nne asubuhi, kabla jua halijalilegeza. Tone moja la maji likibaki kati ya petali huacha doa la kahawia ambalo halifutiki. Chukua lililochanua karibu lote, si lililofikia kikomo: ua lililokomaa mno hupukutika ukiligusa. Mawaridi ya muuzaji yaliyokwisha kukaa siku kadhaa kwenye baridi nayo hupukutika, hata kama kwa macho bado yanapendeza. Tia tone la gundi nyeupe pale petali zinapokutana na kitako, kisha kata kikonyo kibaki sentimeta 2 au 3. Kama utataka shina la waya, uchomeke sasa. Kikonyo kikikauka huubana waya huo kikaushika kabisa. Ukingoja hadi ua likauke, utalipasua.

Mimina silika sentimeta 2 chini ya chombo, simamisha ua uso ukiangalia juu, halafu mimina chembe pembeni mwake kwa kijiko, ukizunguka. Zipande zenyewe kutoka chini kwenda juu, ndani na nje ya petali kwa kimo kimoja. Anayemwaga moja kwa moja juu ya ua hulibamiza, naye ndiye baadaye hulalamika kwamba bidhaa ni mbovu. Funika hadi sentimeta 2 juu ya ua, bana mfuniko, zungushia tepu, andika tarehe. Vaa barakoa wakati wa kumimina, maana vumbi lake huwasha koo na mapafu.

Maua membamba yenye safu moja ya petali hukauka kwa siku 2 hadi 4. Waridi huchukua 5 hadi 7, na lile nene sana huzidi hapo. Ukiliwahisha, kitako kinabaki na maji, nayo hupanda kwenye petali, ua likalegea baada ya siku mbili au likaota ukungu. Ukilichelewesha, petali zinakuwa kama maganda ya vitunguu. Dawa ya tatizo hili ipo, ingawa maelezo ya pakiti mara nyingi huinyamazia: petali zikishalia kama karatasi lakini kitako bado kikibonyea, toa silika ya juu, acha kitako tu kimefukiwa, funga tena kwa siku moja au mbili. Wakati wa kutoa usilivute ua. Inamisha chombo, silika itiririke polepole kwenye bakuli jingine hadi ua lijitokeze, ulipokee kwa vidole, ulipanguse kwa brashi laini ya rangi.

Maikrowevu huharakisha. Weka chombo kisicho cha chuma, bila mfuniko, na kikombe cha maji kando, kwa nusu ya nguvu, dakika 2 hadi 3, kisha acha kipoe dakika 30 bila kuguswa. Waya haumo kwenye mpango huo. Kwa mtu mwenye haraka ni sawa, lakini dakika moja ya ziada hulikaanga ua.

Kupasha silika upya ndiko wengi wanakobahatisha. Wauzaji husema inabeba maji hadi theluthi ya uzito wake. Ni kweli kwenye hewa nzito ya unyevu, lakini kwa maua haisaidii, kwa sababu inavyozidi kushiba ndivyo inavyozidi kuchelewa, na ua linaanza kuoza kabla ya kukauka. Tumia mizani ya jikoni: gramu 1,000 zikifika 1,100, zipeleke motoni. Tandaza kwenye bati, unene usizidi sentimeta 3, oveni nyuzi 120 za Selsiasi, saa moja na nusu au mbili, ukikoroga mara moja moja. Asiye na oveni atumie sufuria nzito kwenye moto mdogo kabisa akikoroga bila kuondoka. Ifungie kwenye chombo cha kioo au chuma ingali ya vuguvugu. Ukiiacha wazi ipoe, hasa Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, itakunywa hewa na kazi yote iwe bure. Ila ua usilizike humo hadi silika ipoe kabisa. Na pakiti mpya nayo ipashwe kabla ya matumizi ya kwanza. Huwezi kujua imekaa dukani muda gani.

Rangi haibaki kama ilivyokuwa. Waridi jekundu hukolea hadi karibu na weusi, kwani rangi ileile sasa imebanwa kwenye petali iliyosinyaa. Ukitaka jekundu, kausha la pinki iliyokoza. Njano na chungwa hukaa vizuri. Jeupe hugeuka maziwa. Franjipani, yenye utomvu na nyama nyingi, huwa kahawia, na haibiskasi hunywea. Usipoteze muda nayo.

Kuna maua ambayo kuyanunulia silika ni kutupa pesa. Statisi, helikrisamu na gomfrena yanazaliwa nusu makavu. Funga mashina 5 hadi 10 kwa mpira, si kamba (mashina husinyaa na kamba ikaachia), yaning'inize vichwa chini kwenye chumba cha giza chenye hewa, wiki 2 au 3. Bogenvilia ni karatasi tayari. Ibane kati ya magazeti. Ndugu wa mwitu wa helikrisamu, wanaomea juu Kilimanjaro, waache huko huko: ndani ya hifadhi kuchuma ni marufuku.

Je, mbadala wa bei rahisi? Mchele haufai, hunyonya kidogo mno. Mchanga hufanya kazi, ila haunyonyi: hushikilia umbo tu huku maji yakitoka yenyewe kwa wiki 2 au 3, chombo kikiwa wazi, na uzito wake hubonyeza petali nyembamba. Mchanga wa pwani lazima uoshwe kwa maji baridi mara nyingi, kwa sababu chumvi yake huvuta unyevu. Wengine huchanganya boraksi (unga mweupe wa madini) na unga wa mahindi. Boraksi ikikaa sana huchubua rangi, na unga huita fukusi.

Bara, Nairobi au Arusha wakati wa kiangazi, ua lililotoka kwenye silika laweza kukaa mezani. Pwani haliwezi, na hili si kosa la bidhaa ingawa ndilo linaloiletea lawama. Masika, Machi hadi Mei, petali huanza kulegea ndani ya siku chache. Vanishi ya kupuliza isiyo na rangi, mikono miwili myembamba kutoka sentimeta 30, husaidia kiasi. Dawa ya kupuliza nywele husaidia kidogo zaidi ya hakuna. La uhakika ni kioo kilichofungwa, na vijiko viwili vya silika kavu vimefichwa chini ya kokoto. Hapo ndipo zile shanga za chungwa hupata kazi: zikibadilika rangi, ujue ni wakati wa kuzitoa na kuzipasha. Kioo kisikae dirishani, jua litafuta rangi zote.

Harufu usiitegemee. Silika hubakiza umbo, lakini manukato huondoka na maji. Asmini iliyokaushwa hivi ni ganda la kahawia lisilonukia chochote, kwa hiyo asmini zako zipeleke kwenye kikuba, na kilo zako 2 uwekee mawaridi.