Vikokotoo vya mshahara mtandaoni: vizuri kwa saa, dhaifu kwa makato

Kugeuza mshahara wa mwaka kuwa malipo ya saa, vingi havikosei: wiki 52 mara saa 40 ni saa 2,080, hivyo 41,600 kwa mwaka ni 20 kwa saa. Kiepuke kinachohesabu kila mwezi kuwa wiki 4. Hicho hupata saa 1,920 na kukuonyesha 21.67, pesa ambazo hazipo. Mkataba wako ukiwa wa saa 37.5 kwa wiki, gawa kwa 1,950.

Tatizo ni pesa ya mkononi, yaani inayobaki baada ya makato. Vibovu hukata mshahara wote kwa kiwango cha juu cha kodi, ilhali kiwango hicho hugusa sehemu inayovuka ngazi yake tu. Chagua kinachoondoa mchango wa pensheni kwenye mshahara kabla ya kukokotoa kodi, sheria ikiruhusu.