Karatasi ziliisha: uzoefu wangu wa kupandikiziwa mfupa wa taya hapa Mbeya

Niwatendee haki kwanza: mkono wa yule dokta ni mwepesi. Sindano ya ganzi niliisikia kama siafu kaning'ata, basi. Ila sikuja kusifia mtu.

Gego langu la juu lilishang'olewa miaka mingi na mfupa wa pale ukalika. Nilipotaka jino la kupandikiza nikaambiwa skrubu haina pa kushika, maana juu ya magego kuna uwazi wa hewa unaoungana na pua. Ikabidi dokta anyanyue utando wa uwazi ule, ajaze chini yake punje za mfupa wa ng'ombe uliosafishwa, ashone, halafu tusubiri kama miezi sita. Mume wangu akasema sasa nitaanza kucheua. Haya.

Wiki ya pili hivi ikaingia baridi, hii yetu ya kunywa chai umevaa kofia. Mafua yakanishika. Mwenye mafua anafanya nini? Anapenga kamasi. Nilipenga nikiwa kwenye daladala ya Uyole, kwa nguvu zote, nikasikia kitu kimefyatuka ndani ya shavu. Jioni leso ina damu, na kwenye damu kuna vipunje vyeupe vigumu, ukivisugua kwa kidole vinakwaruza kama mchanga. Asubuhi nakunywa chai, chai inatokea puani.

Nikarudi pale mbio. Dada wa mapokezi, umri wa kitinda mimba wangu, shikamoo hakuna, macho kwenye simu. Namweleza taratibu, leso mdomoni. Akapaza sauti benchi zima lisikie: "Mama, umepenga kamasi? Si mliambiwa msipenge? Mnaharibu wenyewe halafu mnakuja kutusumbua."

Niliambiwa na nani? Nilichoambiwa ni nisivute sigara, mimi ambaye sijawahi kuvuta hata moja! Nikamuuliza hayo maelekezo yako wapi. "Yanakuwaga kwenye karatasi. Karatasi ziliisha." Ziliisha! Nimelipa hela ya magunia ya viazi, na kopi moja pale Kabwe ni bei ya andazi.

Dokta aliposikia kelele akatoka mwenyewe. "Pole mama, hili ni kosa letu." Akasafisha, akashona upya, akaandika dawa za kuzuia usaha, hakunidai hata senti. Akasema utando umetoboka, unaweza kujifunga, lakini mfupa huenda tukauanza tena mwanzo. Alivyosema kwa upole, hasira ikanishuka. Nikawa nimeshaamua kuwapa nyota nne.

Kwa hiyo mwende? Kwa mkono wake, nendeni. Ila muulizeni yeye mwenyewe kabla hajawatia ganzi: pua nifanyeje, chafya nitoeje (mdomo wazi, nimekuja kujua baadaye), mrija ninywee au nisinywee. Au hapana, ngojeni kwanza. Nyota mbili. Na hizo mbili ni za dokta.

Maana siku ya kutoa nyuzi, karatasi nilizikuta. Rundo zima mezani, mstari wa tatu umekolezwa wino: USIPENGE KAMASI. Juu ya rundo, kikombe cha chai cha yule dada. Nikaomba moja.

"Ya nini tena, mama? Si umeshapona?"