Flashi ya Canon juu ya Nikon: uzoefu wangu na Speedlite 430EX II kwenye D3200

Inawaka. Nalisema mapema kwa sababu ndilo swali la kwanza la kila aliyepata flashi ya mtumba kwa bei nzuri kisha akagundua si ya kampuni ya kamera yake. Speedlite 430EX II ya Canon ikichomekwa juu ya Nikon D3200 inawaka kila nikibonyeza. Isichofanya ni kuzungumza na kamera, na ukilielewa hilo utapata picha nzuri bila kuhangaika.

Tazama reli ya juu ya kamera inakochomekwa flashi. Kile kitone kikubwa cha katikati kiko mahali palepale kwa Canon, Nikon, Fujifilm, Olympus na Pentax, kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 518. Shata ikishafunguka yote, kamera inakiunganisha kitone hicho na chuma cha pembeni cha reli, na flashi inawaka. Basi. Vile vitone vidogo vinavyokizunguka ndivyo vinavyopeleka habari za ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga), lenzi na kiasi cha mwanga, na hapo kila kampuni ina lugha yake: Canon ina E-TTL, Nikon ina i-TTL. Kwa hiyo kwenye jozi hii hakuna TTL (kamera kupima mwanga wa flashi kupitia lenzi), hakuna kuwaka kwa kasi za juu za shata, taa ya kusaidia fokasi gizani haifanyi kazi, na zumu ya flashi (upana wa mwanga wake) haiifuati lenzi. Ukiiacha flashi kwenye ETTL, hakuna anayeiambia itoe mwanga kiasi gani, kwa hiyo usitegemee picha iliyopimwa.

Ninavyoipanga ni hivi. Kabla ya kuchomeka, nazima vyote viwili. Naisukuma flashi mpaka mwisho wa reli ndipo nafunga loki. Ikibaki nyuma hata milimita mbili, pini ya katikati haigusi na flashi haiwaki, halafu mtu anadhani imekufa. Kwenye flashi nabonyeza MODE mpaka itokee M (kupanga kwa mkono), kisha nachagua nguvu kati ya 1/1 na 1/64. Zumu naiweka kwa mkono: kwa lenzi ya 35mm kwenye D3200 naiweka 50, maana sensa ya kamera hii ni ndogo na lenzi hiyo inaona kama 52mm. Kwenye kamera naweka M, ISO ya otomatiki naizima kwenye menyu, na mizani ya rangi naiweka kwenye alama ya flashi, kwa kuwa kamera haijui kama kuna flashi juu yake.

Sasa hesabu, na hii ndiyo inayomtoa mtu kwenye kubahatisha. Zumu ikiwa 50, namba ya nguvu ya 430EX II ni 34 kwa ISO 100, kwa mita. (Ile 43 inayotangazwa ni ya zumu 105.) ISO 400 inaizidisha mara mbili, inakuwa 68. Gawanya kwa umbali wa unayempiga picha, unapata tundu la lenzi kwa nguvu kamili. Mtu akiwa mita 3, 68 kwa 3 ni kama f/22. Mimi nataka f/5.6, ambayo ni hatua nne pungufu (kila hatua tundu huingiza mwanga maradufu), kwa hiyo naikata nguvu nusu mara nne: 1/2, 1/4, 1/8, 1/16. Jibu ni 1/16. Akirudi nyuma hadi mita 6, anahitaji mwanga mara nne zaidi, yaani 1/4. Shika hizo mbili kichwani, za katikati utazikadiria mwenyewe.

Kudundisha mwanga kwenye dari kunakula nguvu zaidi. Dari nyeupe ya karibu mita 3, naanzia ISO 800, f/5.6, nguvu 1/4, napiga moja, naangalia, nasogeza hatua moja juu au chini. Chini ya turubai la bluu au la kijani usidundishe kabisa. Rangi ya turubai itashuka kwenye nyuso za watu, na huko kwenye kompyuta utaisafisha ngozi huku nguo nyeupe zikiharibika. Hapo elekeza flashi moja kwa moja, punguza nguvu, na ushushe kasi ya shata hadi 1/60 ili mwanga wa ukumbi uingie nyuma.

Kasi ya shata ndiyo inayowaponza wengi. Mwisho wa D3200 na flashi ni 1/200. Flashi ya Nikon ikiwa juu, kamera yenyewe inakuzuia usizidi hapo. Hii ya Canon kamera haiioni, kwa hiyo unaweza kuweka 1/500 bila onyo lolote, na picha ikatoka na utepe mweusi upande mmoja: pazia la shata lilikuwa limeshaanza kufunga flashi ilipowaka. Ukiona utepe huo, usiilaumu flashi, shusha kasi.

Kero ya pili ni usingizi. 430EX II hujizima yenyewe baada ya kama sekunde 90 bila kazi. Juu ya Canon inaamshwa na kubonyeza nusu kitufe cha shata. Juu ya Nikon haiamki. Unapiga picha ya bibi harusi anaingia, giza. Dawa ipo: shikilia kitufe chenye maandishi C.Fn mpaka menyu ifunguke, nenda C.Fn-01, weka 1. Haitalala tena, lakini sasa kuizima ni kazi yako, la sivyo betri zitaisha ndani ya begi. Natumia AA nne za kuchaji za Ni-MH. Na kwa kuwa alama ya flashi kuwa tayari haionekani ndani ya kitafutio cha Nikon, naangalia taa nyekundu ya nyuma ya flashi kabla ya kupiga. Kwa nguvu kamili kujaa huchukua kama sekunde 3. Kwa 1/16 husubiri chochote.

Kwa flashi za zamani, pima volti kwanza. Kiwango cha ISO 10330 kinataka isizidi volti 24 kwenye pini ya katikati. Kitabu cha D3200 kinakataza zaidi ya 250, na baadhi ya flashi za Vivitar 283 za mwanzo zinapita 200. Washa flashi, ijae, weka mita ya umeme kwenye volti za DC, waya mwekundu kwenye pini ya katikati, mweusi kwenye chuma cha pembeni cha mguu wa flashi. Dakika moja tu, na inaokoa kamera.

Si kila kamera itakubali. Canon 250D ya 2019 haina kabisa kitone cha katikati, kwa hiyo flashi za pini moja haziwaki juu yake. Sony nyingi za kabla ya 2012 zina reli ya umbo lao, iliyotoka Minolta, na zinahitaji adapta. Kwenye kamera zisizo na kioo skrini itakuwa nyeusi ukiweka M, kwa kuwa kamera haijui kuna flashi: kwenye Sony chagua Setting Effect OFF, kwenye Fujifilm zima onyesho la mwanga kwenye hali ya M. Shata ya kimya nayo uizime.

Je, ningemshauri mtu aitafute? Kama tayari unayo, au unapiga picha za pasipoti, bidhaa na makundi yaliyosimama, ndiyo, bila wasiwasi. Umbali haubadiliki, na M inatoa picha mia zenye mwanga uleule. Kwa anayekimbizana na watu ukumbini, hapana. Huyo bora apate flashi yenye hali ya A, kama Nikon SB-28, inayopima mwanga kwa jicho lake yenyewe na kuukata ukitosha, juu ya kamera ya kampuni yoyote. Unalinganisha tu ISO na f za flashi na za kamera. Na anayetaka TTL na flashi nje ya kamera aangalie mfumo wa redio wa Godox: triga (kitoa ishara) ya X2T-N ikikaa juu ya Nikon, flashi ya TT685 iliyotengenezwa kwa Canon inapokea TTL kutoka stendi bila shida, kwa sababu lugha ya kamera inaishia kwenye triga.