Duke Ellington wa 1940: sikiliza besi kabla hujalipa

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Kabla sijasema lolote leo, nawaomba mvae visikizio. Spika ya simu haitoshi, maana kitu ninachotaka mkisikie kiko chini kabisa ya muziki, na spika ya simu haifiki huko. Mmevaa? Haya, sikilizeni sekunde hizi chache.

Hiyo ni "Jack the Bear", bendi ya Duke Ellington, mpiga piano na kiongozi wa bendi ya jazz wa Marekani, imerekodiwa Chicago tarehe 6 Machi 1940. Sasa sikilizeni na hii.

Ni wimbo uleule, siku ileile, wapigaji walewale. Kwenye ile ya kwanza mmesikia besi inaongea. Kila uzi unaocharazwa unausikia, na nyuma yake unasikia ule mbao wa ala unavyoitika. Kwenye ya pili besi imebaki mvumo tu, kama lori limesimama nje na injini inawaka. Bendi haina kosa. Kosa ni la aliyehamisha sauti kutoka kwenye santuri ya zamani: alitaka kuondoa mikwaruzo, akaondoa na muziki.

Mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu jambo hili linaniuma. Huyo mpiga besi anaitwa Jimmy Blanton. Ellington alimchukua mwaka 1939, kijana wa miaka 21. Kabla yake, kazi ya besi kwenye bendi kubwa mara nyingi ilikuwa kushika mapigo tu, wenzako wacheze juu yako. Blanton akaja akaipa besi sauti ya kuimba, akawa anajibizana na tarumbeta na saksafoni kama mwenzao. Kifua kikuu kikamchukua Julai 1942, akiwa na miaka 23. Yote aliyotuachia na bendi ile yanaingia kwenye miaka kama miwili. Ukiifuta besi kwenye rekodi hizi, umemfuta yeye.

Ndiyo maana kipimo changu cha rekodi za Ellington wa miaka hii ni kimoja: besi inasikika au haisikiki?

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. CD yangu ya kwanza niliinunua kwa bei ya kutupa, jalada zuri, imeandikwa nyimbo bora za Duke. Ndani hakuna tarehe hata moja. Nilikuja kugundua baadaye kwamba nusu ya nyimbo zilikuwa za miaka mingi baadaye, wapigaji wengine kabisa. Na hapo ndipo wengi wananaswa, kwa sababu Ellington alikuwa na tabia ya kurekodi nyimbo zake upya kila baada ya miaka. "Mood Indigo" ameirekodi mara ya kwanza 1930, kisha tena na tena. "Take the 'A' Train" ya kwanza ni ya Februari 1941, na baada ya hapo zipo nyingi sana. Kwa hiyo jina la wimbo peke yake halikwambii unanunua nini. Uliza tarehe.

Mtaniuliza, mbona makusanyo ya bei rahisi ni mengi hivyo? Sheria za Ulaya zililinda rekodi kwa miaka 50 tu kwa muda mrefu, kwa hiyo muziki wa miaka ya 1940 uliishiwa ulinzi huo mapema kule, na yeyote mwenye mashine akaweza kutoa CD yake. Wapo waliofanya kazi ya heshima. Wapo pia waliochukua CD ya mwenzao, wakaisafisha mara ya pili, wakabadilisha jalada.

Sasa ya kununua. Hii hapa mkononi inaitwa Never No Lament, imetoka 2003, CD tatu, nyimbo 75, kuanzia 1940 hadi 1942. Hii ndiyo mliyoisikia kwanza. Mikwaruzo mmeisikia, ipo, ni kama mafuta yanayochemka taratibu jikoni. Baada ya nyimbo mbili sikio linaisahau, na kila kitu kingine kipo. Sikilizeni "Cotton Tail" ya tarehe 4 Mei 1940, Ben Webster na saksafoni yake ya tenor. Unasikia pumzi inavyopita kwenye mdomo wa ala. Nyimbo zote zina dakika tatu hivi, kwa sababu upande mmoja wa santuri ya wakati ule haukubeba zaidi, na ndani ya dakika hizo tatu hakuna sekunde iliyopotea bure.

Kuna seti nyingine ya muziki huohuo, ya mwaka 1986, CD tatu pia, inaitwa The Blanton-Webster Band. Mkiikuta kwa mtu kwa bei ndogo msiikatae, lakini kwa masikio yangu imesafishwa kupita kiasi. Matoazi yamekufa, shaba ya tarumbeta imefunikwa blanketi.

Kitu kimoja cha kuangalia kwenye Never No Lament: mwishoni mwa CD ya tatu besi si ya Blanton tena, ni ya Junior Raglin. Na mkusanyiko unakatika Julai 1942 kwa sababu Agosti mosi chama cha wanamuziki cha Marekani kiligoma kurekodi. Kampuni iliyokuwa ikimrekodi Ellington haikukubaliana nao hadi mwishoni mwa 1944. Miaka miwili na zaidi ya bendi hiyo studio haikuinasa.

Kwa wale wanaosikiliza kwenye programu za simu: ule mwaka unaoandikwa kando ya albamu mara nyingi ni mwaka wa toleo, si wa kurekodi. Usiutegemee. Weka visikizio, tafuta "Jack the Bear", sikiliza matoleo matatu manne. Utalijua zuri bila kuambiwa.

Mkitaka Ellington mwenye sauti safi zaidi, nendeni kwenye Masterpieces by Ellington, ya Desemba 1950. Hapo kanda za sumaku na santuri za kucheza muda mrefu (LP) zimeshafika, na "Mood Indigo" inakwenda zaidi ya dakika 15. Na tamasha la jazz la Newport la 1956, lile ambalo mpiga saksafoni Paul Gonsalves alipiga mizunguko 27 ya wimbo mfululizo watu wakasimama kwenye viti, chukueni toleo la 1999. Usiku ule Gonsalves aliielekezea saksafoni yake maikrofoni ya redio ya Sauti ya Amerika badala ya ile ya kampuni ya kurekodi, ndiyo maana kwenye albamu ya zamani anasikika kwa mbali. Mwaka 1999 kanda ya redio iliunganishwa na ile nyingine, naye akarudi mbele anapostahili.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ni hii. Fargo, North Dakota, tarehe 7 Novemba 1940, ukumbi wa dansi uitwao Crystal Ballroom. Vijana wawili, Jack Towers na Dick Burris, waliomba ruhusa wakaingia na mashine yao ya kurekodi moja kwa moja kwenye santuri, wakarekodi kwa mapenzi tu. Mpiga tarumbeta Cootie Williams ametoka kuiacha bendi, Ray Nance aliyeshika nafasi yake ndiyo anaanza. Santuri ikijaa wimbo unakatika, mwingine unaanzia katikati. Rekodi hiyo ilitolewa rasmi 1978, na ikapata tuzo ya muziki ya Grammy.

Hapa hakuna saa ya studio inayowakimbiza. Watu wanacheza, bendi imepata joto. Toleo la kampuni ya Storyville, CD mbili, lina usiku wenyewe. Nawawekea "Star Dust", Ben Webster anaipiga polepole mno, na chini yake, msivue visikizio, Blanton.