Uzoefu wangu na wakili wa talaka, kutoka upande wa baba

Maoni mengi ninayoyasoma kuhusu mawakili wa talaka yameandikwa na kina mama, na mara nyingi kisa ni kilekile: mume kagoma kutoa matunzo. Mimi naandika kutoka upande wa pili. Ni baba, fundi umeme wa majumbani, mke wangu ndiye aliyefungua shauri, na binti yetu alikuwa bado hajafika miaka mitano. Tulisikilizwa Temeke, Dar es Salaam, kwenye Kituo Jumuishi cha mambo ya familia, ambako mirathi, talaka na watoto vyote viko chini ya paa moja kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu. Jina la wakili silitaji, maana nina ya kumsifu na nina ya kumlalamikia.

Nianze na namna ya kumpata, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapoliwa. Mtu mwenye samansi mkononi anajulikana kwa mbali. Hujafika getini umeshaitwa na kijana wa suti, faili kwapani: "Mzee, njoo tukuandikie majibu, laki mbili tu." Hao ndio vishoka, wanaojifanya mawakili. Wengine wanaandika vizuri, sikatai, lakini siku ya kusikilizwa hawawezi kusimama mbele ya hakimu, unabaki mwenyewe na karatasi yako. Mawakili halali wamo kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Unamtafuta kwa jina, unaona kama anaruhusiwa kufanya kazi. Wangu nilielekezwa na mteja mmoja wa Tabata niliyemfungia waya nyumba nzima, na bado nilimhakiki humo kabla sijatoa hata mia.

Ada tulikubaliana Sh 1,500,000 kwa awamu tatu, hadi hukumu, kwa maandishi, na kila nilipolipa nilipewa risiti ya mashine ya kodi (EFD). Rufaa na kukaza hukumu (yaani kulazimisha itekelezwe) havikuwemo. Ada za mahakama ni juu yako, unapewa kontroo namba, yaani namba ya malipo ya serikali, unalipa kwa simu. Bei hiyo kwa Dar si ya chini wala si ya kutisha.

Siku ya kwanza nilikwenda na baba mdogo, ambaye alijipa kazi ya msemaji. "Wakili, huyu mtoto ni wa ukoo wetu. Tunamtaka nyumbani." Wakili, mama wa makamo, alimwacha amalize yote, na yalikuwa mengi. Kisha akamwambia kwa upole, "Mzee wangu, nimekusikia, shikamoo tena. Ila sheria ya ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni heri akae na mama yake. Inaweza kupingwa, lakini kwa ushahidi." Akanigeukia mimi. Mama yake analewa? Anamwacha peke yake usiku? Anampiga? Yote nikajibu hapana, na ndiyo ilikuwa kweli. "Basi kaka, usinilipe nikapigane vita hiyo. Nilipe nikupiganie siku za kukaa naye, na likizo."

Baba mdogo njiani alisema tutafute wakili mwanaume. Mimi nilishaamua.

Jambo lililonifanya nimheshimu zaidi lilikuja alipofungua nyaraka za upande wa pili. Kwa Tanzania Bara, kabla ya kudai talaka lazima mgogoro upite kwanza kwenye Bodi ya Usuluhishi wa Ndoa, isipokuwa kwa mazingira maalumu, kwa mfano mwenzi akiwa nje ya nchi au hajulikani alipo. Usuluhishi ukishindikana Bodi inatoa hati, ile wanayoiita Fomu Namba 3, na inatakiwa iwe imetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kufungua shauri. Mke wangu alikuwa ameambatisha barua ya kanisa, ya kuandikwa kwa mkono, inayosema wazee "wamejitahidi bila mafanikio". Muhuri ulikuwepo, tena mkubwa, ila haikuwa hati ya Bodi.

Wakili akaniambia wazi kwamba angeweza kuweka pingamizi na shauri lingeondolewa mapema kabisa. Ndugu zangu wangeshangilia. "Lakini mwenzako atarudi Bodi, atachukua hati, atafungua upya, na wewe utaanza kunilipa upya. Tukilinyamazia nalo, linaweza kufika hadi rufaa, Mahakama Kuu ikafuta kila kitu tulichofanya." Akampigia simu wakili wa mke wangu, shauri likaondolewa kwa ruhusa ya kulirudisha, tukaenda wote wawili Baraza la Kata, ambalo ndilo lililokaa kama Bodi, hati ikatoka. Tulipoteza wiki kadhaa. Wakili mwenye njaa angekula pesa yangu mara mbili kwenye jambo hilo moja na mimi nisingejua.

Majibu ya madai aliyaandika kwa Kiswahili, akanitumia WhatsApp niyasome kabla ya kuyasaini. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, na kwa mtu wa kawaida hii ni nafuu kubwa sana. Nilikuta ameandika mwaka tofauti wa kununua kiwanja, nikamrekebisha. Ingekuwa Kiingereza cha kisheria ningesaini tu kama tunavyosaini fomu za benki.

Kuhusu kiwanja chenyewe. Kipo Chanika, kina msingi na tofali chache, nilikinunua kwa pesa ya kazi wakati mke wangu yuko nyumbani na mtoto mchanga. Wanaume tukikaa kijiweni tunajibu swali hili haraka: aliyelipa ndiye mwenye mali. Wakili alinitajia shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, la mwaka 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilisema kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Cha ajabu, Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa sababu mumewe alishampa fedha za mradi wa familia akazitapanya. Lakini mlango aliufungulia wenzake. Tukamaliza kwa makubaliano: kiwanja kibaki kwangu, nimlipe sehemu yake kwa awamu. Hapo sina la kuongeza.

Matunzo ndiyo yaliyochukua jasho. Mke wangu aliomba Sh 400,000 kwa mwezi. Sheria haina kiwango kilichopangwa. Baba anawajibika hata kama mtoto hakai naye, na hakimu anaangalia uwezo wa mzazi na mahitaji ya mtoto. Sasa uwezo wa fundi unaupimaje? Sina hati ya mshahara. Kuna mwezi nafunga nyumba mbili, kuna mwezi nabadilisha soketi mtaani. Wakili alinituma nikachukue taarifa ya miamala ya simu ya mwaka mzima. Ilikuwa bunda la karatasi. Akakaa nayo na kalamu za rangi, njano kwa pesa zilizokwenda kwa mama mtoto, kijani kwa shule na hospitali, na pembeni akajumlisha kwa penseli mwezi hadi mwezi. Mbele ya hakimu hakupiga kelele wala hakumtukana mke wangu. Alitoa zile karatasi, akaeleza mwezi wenye kazi unaonekanaje na mwezi mkavu unaonekanaje. Amri ikawa Sh 180,000 kwa mwezi, pamoja na ada ya shule na bima ya afya juu yangu. Ni pesa ninayoweza kuilipa hata mwezi mbaya, na ndicho nilichotaka.

Afisa ustawi wa jamii naye alikuja kwangu kabla ya uamuzi kuhusu mtoto. Wakili alikuwa ameniandaa: usipake nyumba rangi, usinunue midoli mipya, onyesha anapolala tu. Yule dada aliangalia kitanda, akashika chandarua kuona kama kimetoboka, akauliza nikiwa kazini nani anabaki na mtoto. Nikamwambia dada yangu, anaishi nyumba ya pili. Akaenda kwa dada yangu papo hapo, bila miadi. Mwishowe mtoto alibaki kwa mama, mimi nina wikiendi kwa zamu, moja kwangu na inayofuata kwa mama yake, na nusu ya kila likizo.

Sasa malalamiko. Siku moja ya kusikilizwa nilimkuta koridoni kijana kutoka ofisini kwake ambaye sikuwahi kumwona, hajui hata jina la mtoto, kazi yake ilikuwa kuomba tarehe nyingine. Mimi nimeacha kazi Kigamboni, dada yangu kaacha genge lake aje kutoa ushahidi. Hakuna aliyetuambia jana yake. Nililalamika, wakili akaomba radhi, lakini ada haikupungua. Pili, ujumbe anausoma, tiki za bluu unaziona, jibu linakuja baada ya siku kadhaa. Tatu, na hili ndilo baya zaidi, baada ya hukumu ni kama simu ilikatika. Nakala ya hukumu niliifuatilia mwenyewe kwa karani. Mtu anayetaka kukata rufaa ana siku 45. Siku hizo zinakwisha huku unasubiri kupigiwa. Kwenye mkataba wenu andikeni kabisa kwamba kukupatia nakala ya hukumu ni sehemu ya kazi.

Kazi ya mahakamani nampa alama za juu, mawasiliano nampa nusu.

Je, kila mtu anahitaji wakili wa kulipia? Kama hamkufunga ndoa na suala ni matunzo tu, anza ofisi ya ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakulinda, na wengi wanamaliza hapohapo. Asiye na pesa aende TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na kina mama wana pia WLAC, kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake. Msaada wa bure una sheria yake tangu 2017, siyo fadhila. Palipo na mali, au mtoto mnayemgombania, au upande wa pili una wakili, hapo ningelipa.

Mimi mwenyewe narudi kwa wakili wangu yuleyule. Mama mtoto amepata kazi Dodoma na anahama na binti yetu shule zikifunga, kwa hiyo zile wikiendi hazitekelezeki tena. Mahakama inaweza kubadili amri mazingira yakibadilika, na nimekubaliana na wakili ada ya Sh 400,000 kwa ombi hilo. Safari hii kwenye mkataba nimeandikisha: siku ya kusikilizwa aje mwenyewe.