Kimizani cha mfukoni na mashine ya eksirei: kipi kilinitajia madini ya reale bandia

Ukinunua reale za Maria Theresa, zile sarafu kubwa za fedha zenye sura ya malkia wa Austria, kwenye maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe, mwaka uliopigwa juu yake haukusaidii kitu. Malkia mwenyewe alifariki 1780, na zilizopigwa baada yake, iwe Vienna, London au Bombay, zote zimeandikwa 1780. Hizo si bandia: ni fedha sehemu 833 kwa elfu, iliyobaki ni shaba, uzito gramu 28.07. Zinazoumiza kichwa ni zile zilizochovywa, yaani madini mengine yaliyopakwa fedha juu tu.

Niliyokuwa nayo ilinitia shaka kwa unene wake. Uzito ulikuwa gramu 27.91, karibu kabisa na halisi, ila ukiipanga na nyenzake inazidi kimo. Sumaku haikuishika. Hilo linaondoa chuma tu, maana shaba na risasi nazo hazishikwi.

Nilichotumia kwanza ni kimizani cha mfukoni kama cha masonara, kile kinachosoma hadi gramu 0.01, mwisho wake gramu 200. Kinauzwa bei ya kawaida kabisa. Weka juu yake kikombe chepesi cha plastiki chenye maji, kirudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba mpaka izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayotokea ni ujazo wa sarafu kwa sentimita za ujazo. Gawa uzito mkavu kwa namba hiyo, unapata densiti, yaani gramu kwa kila sentimita ya ujazo.

Reale halisi ilinipa 10.2, ndivyo inavyotakiwa kwa mchanganyiko ule wa fedha na shaba. Ile nene ilisoma 3.28 majini, yaani densiti 8.5. Fedha hapo haipo, labda ngozi tu. Risasi tupu nayo imetoka, maana ingepanda hadi 11.3, na bati tupu lingeshuka hadi 7.3. Inayoelekea zaidi ni familia ya shaba: ama shaba ya njano yenye zinki, ama ule mchanganyiko mweupe wa shaba, nikeli na zinki. Hawa wawili densiti zao zinakaribiana mno, na maji hayawezi kuwatenganisha.

Kasoro za kimizani: kinajizima chenyewe baada ya muda mfupi, mara nyingi wakati uzi bado unatikisika mkononi, na ukiacha feni inazunguka namba hazitulii. Jiwe la kupimia usahihi halimo kwenye boksi. Viputo vya hewa vinavyong'ang'ania kwenye nywele za malkia vinaongeza ujazo, kwa hiyo tia tone la sabuni ya vyombo majini.

Baada ya hapo nikaenda kwa sonara mwenye mashine ya eksirei, ile inayotaja madini yaliyomo kwenye kitu. Kijana aliibonyeza ikiwa bado kwenye mpango wa dhahabu, ikatoa karatasi ya ajabu ajabu, mpaka nikamwomba abadilishe. Mara ya pili ikaandika fedha zaidi ya tisini kwa mia, shaba kidogo na zinki kidogo. Mtu asiyejua angetoka pale anatabasamu! Lakini mashine ile inasoma uso tu, haifiki moyoni, na uchovyaji ukiwa mnene inasoma uchovyaji. Ile asilimia peke yake haihukumu, kwa sababu hata sarafu halali huweza kuwa na fedha nyingi zaidi usoni kuliko ndani. Zinki ndiyo iliyonishtua, maana kwenye reale haina kazi.

Nikamwomba anikwangulie ukingoni kwa tupa. Usithubutu kufanya hivyo kwa sarafu ambayo maji hayajaihukumu, utaiharibu bure. Chini ya weupe ikatoka njano, na eksirei ilipopigwa palepale ikasema shaba na zinki, nikeli hakuna. Shaba ya njano, basi, iliyonenepeshwa ili uzito ufanane.

Kwa hiyo kimizani nakipa nyota nne, na huduma ya mashine tatu. Mashine si mbaya, ila walioishika hawakuniuliza ninapima nini, wala hawakunieleza inasoma wapi. Ukienda, sema mapema kwamba ni fedha unayopima, na uombe karatasi yenye kila madini, si asilimia ya fedha peke yake.

Kwa wanaotaka kupima paundi za dhahabu za Kiingereza: kimizani hiki hakitoshi. Zina gramu 7.99 na ujazo usiofika nusu sentimita, hivyo kosa la 0.01 majini linayumbisha densiti kwa karibu 0.4. Tafuta kinachosoma 0.001. Na tangsteni, metali nzito karibu sawa na dhahabu, ikifichwa ndani ya dhahabu safi hata hicho hakitaikamata, kwa sababu densiti zao ni 19.25 na 19.3.