Matone ya vitamini D kwa mtoto wa masikio sugu, nayapa nyota nne

Wazazi wenzangu ambao sikio la mtoto likikauka leo baada ya muda linatoa usaha tena, haya matone ya vitamini D3 tumeyatumia vya kutosha kwa hiyo naongea ninachokijua. Ni ya mafuta, hayana harufu wala ladha, mwanangu hagomi kabisa, namdondoshea kwenye kijiko cha chakula chenye mafuta kidogo kwa sababu hivyo ndo yanafyonzwa vizuri.

Ila jamani hii sio dawa ya sikio!! Ni ya kunywa, msije mkayaweka sikioni. Ngoma ya sikio ikishatoboka na usaha ukatoka zaidi ya wiki mbili hapo ni kwa daktari, anaandika antibayotiki ya kudondoshea sikioni na nyie nyumbani mnakausha usaha kwa utambi safi mara kadhaa kwa siku, kazi ya kuchosha lakini ndo inayotibu. Vitamini D yenyewe inasaidia kinga, mwili unaitumia kutengeneza katelisidini ambayo inaua vijidudu, na masikio ya watoto mara nyingi yanaanzia kwenye mafua maana kile kimrija cha kutoka nyuma ya pua kwenda sikio la kati kwao ni kifupi na kimelala. Kuna utafiti wa Italia ulitoka 2013, watoto 116 wanaougua masikio mara kwa mara, nusu wakapewa vitamini D IU 1000 (IU ni kipimo cha dozi ya vitamini) kila siku kwa miezi minne na nusu wakapewa matone ya kulinganishia yasiyo na vitamini, waliougua tena kwenye vitamini D walikuwa 26 na kwenye yale ya kulinganishia walikuwa 38. Ugonjwa umepungua lakini haujaisha, na hao walikuwa na maambukizi ya kujirudia, sio sikio lililotoboka likawa sugu, kwa hiyo msiyasome kama ni kitu kimoja.

Pimeni kwanza kiwango cha vitamini D kwenye damu. Chini ya nanogramu 12 kwa mililita ni upungufu, kuanzia 20 inawatosha wengi. Wa kwangu alikuwa chini ya 12 ndo maana tukaanzishiwa. Mtoto ambaye kiwango kiko sawa kumwongezea matone sioni faida yake kwa sikio.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu ya lebo. Kwenye chupa yetu tone MOJA ni IU 400, chupa nyingine IU 400 hiyo hiyo ni mililita nzima ya dropa (kile kimrija cha kunyonyea dawa), na maandishi yenyewe madogo mpaka uyasogeze kwenye mwanga. Ukibadilisha chupa ukaendelea kujaza dropa kama ulivyozoea unampa mtoto dozi kubwa mara nyingi kuliko anayotakiwa kupata, kalsiamu inapanda kwenye damu, anatapika, kiu haiishi, choo kigumu na figo zinaweza kuumia. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilishatoa onyo la hizi dropa tangu 2010 na bado watengenezaji wengine wanaandika hivyo hivyo, hili linanikera kweli.

Kwetu mafua yamepungua na sikio liko kavu, ila tulitibu pia kwa dawa ya sikioni na tukaacha kumpa chupa ya maziwa akiwa amelala, kwa hiyo sifa zote siwezi kuyapa matone. Tunaendelea nayo mpaka kipimo kijacho, daktari ndo ataamua dozi.